Keki Haina King'ora

Kila Jumamosi kazi ya Kiherehere ilikuwa kuosha mabakuli ya mama yake, mpishi wa keki, na mshahara wake ulikuwa kuyalamba kwanza. Jina hilo alibandikwa na mjomba wake, kwa sababu mtoto huyo angeweza kumaliza chai kabla haijamiminwa. Naye akalipa kisasi: akamwita mjomba Kobe.

Mjomba alikuwa dereva wa gari dogo la mizigo lenye kiti cha nyuma, na tangu ashike usukani hakuwahi kuandikiwa kosa barabarani. Alijivunia jambo hilo kuliko wengine wanavyojivunia nyumba. Kibao kikisema hamsini, yeye hamsini. Siku moja kuku alivuka mbele yake, akasimama katikati ya barabara kujikuna, kisha akaendelea na safari yake; mjomba alimsubiri muda wote huo.

Jumamosi hii haikuwa ya keki za kawaida. Mama alikuwa amepata oda yake ya kwanza ya harusi: keki nyeupe ya ghorofa tatu. Ikipendeza, wageni wote wangeujua mlango wake. Ikiharibika, wangeujua pia. Alitangulia ukumbini kuandaa meza.

"Kaka, keki yangu na mwanangu nakuachia wewe," alimwambia mjomba kabla ya kuondoka. "Na wewe, Kiherehere, macho yasibanduke kwenye keki."

Waliondoka wamechelewa kidogo. Kiherehere alikaa kiti cha nyuma, mkanda kifuani, mkono mmoja kwenye sinia la keki. Bibi harusi alikuwa mwalimu wa darasa lake, kwa hiyo nusu ya darasa ingekuwa imejipanga getini. Kufika baada ya bibi harusi, tena kwa mwendo wa kobe, ilikuwa aibu asiyoitaka.

"Mjomba, ongeza kidogo tu."

"Nikiongeza kidogo, kidogo kitamwita kaka yake."

Ile methali ya haraka na baraka Kiherehere aliijua vizuri. Aliwahi kuiandikia insha akapata alama za juu. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kukaa nyuma ya lori la magodoro linalojikongoja ni jambo jingine.

Mjomba alikuwa akichungulia pembeni ya lori walipokipita kibao cha mwendo.

"Mpwa wangu, kile kibao kimesema ngapi?"

Kibao kilisema hamsini. Kiherehere alikiona wazi.

"Themanini, mjomba."

Mjomba akakanyaga mafuta. Lori likabaki nyuma, upepo ukaingia dirishani, na Kiherehere akatabasamu peke yake. Tabasamu halikudumu. Mbele, askari wa kike wa usalama barabarani alijitokeza na kifaa cha kupimia mwendo, akainua mkono. Mjomba akafunga breki. Gari lilisimama, lakini keki haikupewa taarifa. Sinia liliteleza, na ghorofa ya juu ikainama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani.

"Habari, dereva. Mbona unapaa?" aliuliza askari.

"Afande, kibao kinasema themanini."

"Hicho labda kiko nyumbani kwako. Hapa ni hamsini."

Kiherehere akadakia, "Afande, tulikuwa tunalipita lori."

"Hata ukimpita mwenzako, hamsini haizidishwi."

"Lakini tumebeba keki ya harusi."

Askari akainama dirishani. "Keki hiyo inaumwa? Maana wanaoruhusiwa kuzidisha ni dereva wa gari la wagonjwa, la zimamoto na la polisi, tena likiwa kwenye dharura na king'ora kinalia. Na hata hao hutazama wasije wakaua mtu."

Kiherehere aliitazama ile ghorofa iliyoinama. "Sasa inaumwa, afande," alisema kwa sauti ndogo.

Askari alifungua kitabu chake cha faini. Mjomba akatoa leseni yake isiyo na kosa hata moja. Kiherehere aliiona leseni ile ikipita dirishani.

"Mjomba hana kosa. Kibao nilikiona mimi. Nilidanganya ili tuwahi."

Mjomba aligeuka akamtazama. "Kibao ulikisoma wewe," alisema, "lakini mafuta nimekanyaga mimi. Andika, afande."

Askari akaandika. Walipoondoka, hakuna aliyemhimiza Kobe.

Ukumbini bibi harusi alikuwa bado hajafika. Nywele zake zilikuwa hazijaisha kusukwa. Kiherehere alimweleza mama yake yote, bila kuruka hata breki. Mama alivuta pumzi, akatoa mfuko wa krimu, akainyanyua ile ghorofa, akaziba nyufa, kisha akaugeuza ubavu uliobonyea ukaelekea ukutani.

Wageni walisifu keki mpaka wawili wakauliza anakopatikana mpishi.

Wakati wa kugawa, mama alimletea bintiye kipande cha ule upande wa ukutani, kimebonyea kama godoro la kale.

"Mwanangu, sheria ya mwendo haijui harusi wala keki," alisema. "Na uongo wako ulikuwa mdogo, lakini umemvunjia mjomba wako heshima aliyoijenga miaka mingi. Kusema kweli kumekuokoa wewe, lakini hakukuifuta faini. Kuanzia leo, kila Jumamosi ukimaliza mabakuli, utaosha gari lake."

"Sawa, mama. Nisamehe, mjomba."

Mjomba alikuwa anatafuna cha kwake. Alipomwona mpwa wake anakivamia kipande kwa mikono miwili, akainua kidole kama askari.

"Taratibu, Kiherehere," alisema. "Hapa ni hamsini."