Dakika Kumi na Moja za Ubatizo

Eneo la tukio lilikuwa skrini nyekundu tupu, na katikati yake maneno mawili: faili halipo.

Inspekta Evanthia Tsioura wa polisi ya mji wetu wa Grevena aliitazama skrini, kisha akamtazama mwenye studio, Argyris Bakolas, aliyekaa amejikunyata kama mfiwa. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Jumapili filamu ya ubatizo ilitakiwa kuonyeshwa mbele ya ukoo mzima, na kipande kilichopotea ndicho chenye ubatizo wenyewe: dakika kumi na moja, pamoja na pale mama wa ubatizo anapolitamka jina la mtoto. Kwetu jina hilo huwa siri mpaka litamkwe kanisani. Filamu isiyo nalo ni harusi isiyo na bibi harusi.

"Si ulikuwa na kamera mbili?" Inspekta aliuliza.

"Ya pili nilikuwa naibadilisha betri. Wakati uleule. Tafadhali, usimwambie mtu."

Mpiga video hasamehewi jambo kama hilo hapa Grevena. Angefunga studio kabla ya Pasaka.

Alikuwa amejaribu kila alichojua. Alifunga programu ya kuhariri akaifungua upya, akafuta faili za muda, akabadilisha waya wa diski, akazima kompyuta na kuiwasha mara nne, na mara ya tano akaibembeleza kwa maneno matamu. Sasa alikuwa na mshukiwa mmoja tu: Fotis, mpiga video mwenzake wa ng'ambo ya soko.

Inspekta alikagua mlango na madirisha. Kitasa kilikuwa kizima. Kamera zote mbili zilikuwa kwenye rafu, hazijaguswa, na Fotis si mtu wa kuziacha. Akauliza nani mwingine ana ufunguo.

"Mzee Zisis tu, mwenye nyumba. Anakaa juu. Kila alasiri ananiletea kahawa, anavuta kiti, ananiuliza hiki ni nini, kile ni nini. Lakini mtoto aliyebatizwa ni mjukuu wake, Inspekta, tena amepewa jina lake. Hakuna anayeingojea filamu hii kama yeye."

Inspekta aliandika. Kisha akataka aelezwe programu inavyolipata faili. Argyris akamweleza kwamba video haikai ndani ya programu. Programu inakumbuka jina lake na folda ilimowekwa, basi. Ukibadilisha jina au ukihamisha faili, inapotea njia.

"Kwa hiyo huenda halikufutwa."

"Nimelitafuta kwa jina kompyuta nzima. Halipo."

"Jina linabadilika. Na urefu je?"

Argyris akajipiga paji la uso. Wakatafuta video ya dakika kumi na moja na sekunde nne. Ikatokea moja tu, ndani ya folda aliyomtengea mzee kwa ajili ya picha za bustani yake. Iliitwa "Nyanya, dawa ya kupulizia".

Argyris alitaka kuirudisha palepale, mambo yaishe. Inspekta akamzuia mkono. Faili lilionyesha kwamba lilifunguliwa jana alasiri, Argyris alipokuwa kwa mkwewe, na kompyuta ilikuwa imekumbuka mahali mtazamaji alipoishia: dakika ya sita. Picha ilikuwa ya kamera iliyosimamishwa mbele kabisa. Ng'ambo kule, mlango wa kanisa ulikuwa wazi, na mtu mwenye koti la kijivu alikuwa anatoka, amewapa wote mgongo.

Mzee Zisis akaitwa. Alishuka na kahawa mkononi, kama kawaida yake.

"Mzee, mwaka huu umepanda nyanya?" Inspekta aliuliza.

"Kila mwaka napanda."

"Hizi zako zimebatizwa."

Mzee aliitazama skrini. Akaweka kikombe chini, akavua kofia.

"Ni mimi, binti yangu. Andika."

"Kwa nini?"

Ikamtoka polepole. Mkahawani walimwambia mtoto ataitwa Periklis, jina la babu wa upande wa mama. Ni mjukuu wa kwanza wa kiume, na kila mtu anajua jina la mjukuu kama huyo ni haki ya babu mzaa baba. Alivumilia kanisani mpaka akashindwa, akainuka akatoka. Alikuwa uani watoto walipotoka mbio wakilitangaza jina la mtoto kwa kelele: Zisis, Zisis. Akarudi ndani, akamkumbatia mwanawe Vaios, akamwambia amelisikia kwa masikio yake mwenyewe, alikuwa amesimama nyuma.

"Nilimdanganya mwanangu siku ileile aliyoniheshimu. Jumapili angeuona mgongo wangu."

"Mbona hukulifuta?"

"Ningelifutaje? Jina langu limo humo."

"Umelisikia likitamkwa?"

Mzee akatikisa kichwa. Kila alipoifungua video, akifika pale mlangoni alizima. Aibu ilimzidi.

Inspekta akaiacha video iendelee. Koti la kijivu likatoweka. Domna, mama wa ubatizo, akasema, "Zisis," kwa sauti iliyojaza kanisa zima. Pembeni ya birika la ubatizo, Vaios akageuka nyuma kumtafuta baba yake. Aliona kiti kitupu. Akautazama mlango, muda mrefu. Alipogeukia tena kamera alikuwa anatabasamu, anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemjua vizuri mzee wake.

"Anajua," mzee alisema. "Wiki tatu hizi anajua, na hajaniambia neno."

Akalia bila kujificha, na mimi sioni kwa nini angejificha.

Argyris alikohoa. Alisema anaweza kuufunika mgongo kwa picha ya mishumaa na sauti ikabaki, kazi ya dakika mbili. Mzee alifuta macho, akakataa. Alisema mgongo ubaki, ila kwanza aende yeye mwenyewe akamwambie mwanawe. Inspekta akafunga daftari. Kesi ikaisha hapo, na habari ya betri haikuandikwa popote.

Jumapili, mgongo ulipotokea mlangoni, ukumbi mzima ulicheka, na Periklis, yule babu mwingine, alicheka kuliko wote. Mzee Zisis alikaa safu ya mbele karibu na Vaios, mjukuu mapajani, akimwonyesha skrini kwa kidole.

"Yule mjinga anayetoka ni babu yako," alimwambia. "Sasa nyamaza, tusikie wote."

Domna akalitamka jina, na mzee akaitika, "Naam."