Mtani Haibi kwa Kujificha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Fortunata alifagia uwanja wa kwao mtaa wa Mfaranyaki, akawasha mkaa wa pasi ya mama yake, kisha akanywa uji wima wima. Mama alikuwa fundi cherehani. Zamani wateja walimsubiri hadi nje, lakini tangu biashara ziwe huria na marobota ya mitumba yaanze kuingia Songea, cherehani ilishinda imefunikwa kitambaa.

Na nani mwenye kibanda kikubwa cha mitumba pale mtaani? Mzee Daimu, Myao kutoka Tunduru, baba yake Shakila. Shakila alipohamia darasa lao la sita na viatu vyake vya kung'aa, Fortunata alimwonea wivu mpaka uji ukamshinda. Viatu angevumilia. Kilichomchoma roho ni kwamba mgeni yule alianza kumpita hata darasani.

Mwalimu Hironimus akatangaza shindano: kila mwanafunzi aeleze chimbuko la neno "shule". Mshindi angezungumza siku ya wazazi, nafasi ambayo kila mwaka ilikuwa ya Fortunata. Aliuliza huku na huku, akaambulia jambo moja tu, kwamba neno hilo tulilipata kwa Wajerumani.

Siku moja, akichota maji bombani, alimsikia Shakila nyuma ya ua akijifunza kusema maelezo yake. Kumbe alikwenda misheni ya Peramiho na baba yake kuuza nguo, akamwuliza padri mmoja mzee. Fortunata, aliyebatizwa hukohuko Peramiho, wala hakufikiria kumwuliza padri yeyote! Alijibanza, akasikiliza mpaka mwisho.

Ijumaa aliitwa wa kwanza. Alisema yote kana kwamba ni yake: Wajerumani husema Schule, nasi tukapata shule. Waingereza husema school, Wazanzibari wakapata skuli na Wayao wakapata sukulu. Wazungu hao nao walilitoa kwa Walatini, na Walatini kwa Wagiriki wa kale. Kwa Wagiriki lilimaanisha nafasi ya kupumzika, kwa sababu aliyepumzika kazi ndiye aliyepata muda wa kukaa na kujifunza. Darasa zima likapiga makofi. Shakila aliposimama, aliona yake yote yameshasemwa. Akaketi.

Mwalimu alipomtangaza Fortunata mshindi na kutoka, Shakila alisema huku analia kwamba maneno yale yalikuwa yake. Fortunata akacheka. Akasema Wangoni kama yeye na Wayao ni watani, na kumwibia mtani si kosa. Wenzake wakacheka naye, maana nani humkasirikia mtani?

Jioni alimsimulia bibi yake, Kunegunda, akitarajia atacheka. Bibi alikuwa mtani mashuhuri. Kwenye misiba ya Wayao alikuwa akinyakua jogoo wa watu na hakuna aliyemgusa. Lakini safari hii aliweka ungo chini.

"Nilipokuwa nachukua jogoo, nani aliniona?"

"Watu wote, bibi. Hata mwenye jogoo."

"Basi. Mtani huchukua mbele ya macho ya mwenyewe, na mwenyewe hucheka. Wewe ulijificha, na mwenzako akalia. Huo ni wizi, mjukuu wangu. Usiuvishe nguo za utani."

Jumatatu mstarini, Fortunata aliomba ruhusa, akasema ukweli mbele ya shule nzima. Mwalimu alimpa Shakila nafasi ile, kisha akamwambia amtoze mtani wake faini, kama ilivyo desturi.

Shakila akamgeukia Fortunata. "Siku ya wazazi ukae mbele. Nikimaliza, uanze wewe kupiga makofi."

Heri angeambiwa achimbe kisiki! Siku ilipofika, Fortunata alikaa mbele pamoja na bibi, akamtazama Shakila akizungumza mahali alipozoea kusimama yeye. Moyo ulimuuma, tusidanganyane. Shakila alipomaliza, Fortunata akainua mikono, akapiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

Bibi Kunegunda akamshika bega. "Umesikia neno hilo lilikopita? Wagiriki walikuwa nalo, Walatini wakalichukua, Wajerumani wakalichukua, leo tunalo sisi, na hakuna aliyepungukiwa. Elimu ya mwenzako ni hivyohivyo. Wivu ndio unaokudanganya kwamba akipata yeye, umenyang'anywa wewe."