Walisema Amemfuata Shosho

Jumapili moja baada ya ibada, majirani wa mtaa wa Landless, hapa Thika, walialikwa chai nyumbani kwa Kinyanjui. Nyumba ilinukia chapati na kila mtu alikuwa na furaha. Gathoni, binti yake wa miaka kumi na mitatu, akaleta vikombe kwa sinia. Mikono ilimtetemeka, chai ikamwagikia wageni.

"Mnaona? Shosho amerudi!" Kinyanjui akaangua kicheko. "Pole pole, Mami."

Msomaji wa mbali, elewa kwamba kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na baba humwita Mami, yaani mama. Marehemu mamake Kinyanjui, yaani Shosho, bibi yake Gathoni, alitetemeka mikono uzeeni. Basi mtoto alipoanza kutetemeka, ukoo mzima ulifurahi. Jamani! Ugonjwa ulikaribishwa kwa makofi.

Mkewe, Idah, hakucheka. Mwandiko wa Gathoni ulikuwa umeharibika, mate yalimtoka akiongea, na shuleni aliitwa mvivu.

"Baba Gathoni, tumpeleke hospitali," alimsihi.

"Kufanya nini? Unataka mamangu aitwe ugonjwa?"

Mwaka mzima ukapita hivyo. Nakasirika hata ninapoandika.

Macho ya mtoto yalipogeuka manjano na tumbo likafura, ndipo Kinyanjui alipokubali. Daktari alimmulika machoni, akaona duara la kahawia kuzunguka mboni. Vipimo vya damu na mkojo vikathibitisha alichoshuku.

"Ni ugonjwa wa Wilson, ni wa nadra," akawaambia. "Mwili wake hauwezi kutoa shaba inayoingia na chakula. Imejaa kwa ini na kwa ubongo."

"Hapana, daktari. Hata mamangu alikuwa anatetemeka."

"Alianza akiwa na miaka mingapi?"

"Sabini hivi."

"Huyu ana kumi na minne, mzee. Ule ulikuwa uzee. Huu ameurithi kwenu wawili, kwako na kwa mama yake, ingawa nyinyi hamuugui. Dawa iko. Mngemleta mapema, ningekuwa na matumaini. Sasa ini limeharibika sana."



Wodini Kinyanjui aliinama kitandani, akamwita binti yake Mami kama kawaida. Gathoni alijikaza, ulimi ukiwa mzito, akasema, "Baba, mimi si Shosho. Mimi ni mgonjwa." Alifariki kabla ya Pasaka.

Daktari alikuwa ameagiza mdogo wake Gathoni, Nyokabi, apimwe pia. Matangani shangazi mmoja akasema, "Huyo wa nini? Amepewa jina la kwa kina Idah, na hatetemeki."

"Nyamaza!" Kinyanjui alifoka, machozi yakimtoka. "Majina yamenimalizia mtoto!"

Walimpeleka kupimwa baada ya mazishi. Nyokabi, anayekimbia na kuruka kamba siku nzima, alikuwa na ugonjwa huo vilevile.

FUNZO

Ndugu zangu, wapeni watoto majina ya wazazi wenu, ni heshima. Lakini mtoto akianza kubadilika, msikae mkimtafutia wa kufanana naye. Mpelekeni apimwe, na daktari akiuliza nani kwenu aliugua nini, semeni bila aibu. Ugonjwa wa kurithi ukipatikana kwa mmoja, wapimeni ndugu zake wote wakiwa bado wanacheza. Nyokabi anameza dawa kila siku, na ataimeza maisha yake yote. Yuko hai. Dadake angeweza kumeza dawa hiyo hiyo.