Insha ya Fundi Cherehani

Ta... ta... ta-ta. Kimya. Ta.

Sauti ilitoka chumba cha kushonea, lakini haikuwa ya cherehani. Mume alichungulia, kikombe cha chai mkononi. Mkewe, fundi wa nguo na mama wa watoto watatu, alikuwa ameinamia kompyuta kuukuu waliyoazimwa na wifi yake. Alibonyeza herufi kwa kidole kimoja, kwa woga, kama anayejaribu joto la pasi.

Alikuwa amerudi masomoni baada ya miaka kumi na tisa. Insha yake ilitakiwa kufika chuoni kabla ya saa kumi jioni siku hiyo, tena kwa kompyuta tu. Asiyetuma hafanyi mtihani.

"Mke wangu, si umpe mtu akuchapie?"

"Na kwenye mtihani atanibonyezea nani? Wewe?"

Mume akacheka, akaweka chai, akatoka.

Saa sita mchana insha ilikamilika. Kurasa mbili nzima! Mara mteja akabisha hodi, amekuja kujaribu gauni. Fundi akainuka. Kama anavyofanya kila anapoiacha cherehani yake ya umeme, akachomoa waya wa kompyuta ukutani. Fundi mwangalifu haachi mashine ikiwaka.

Mteja alipoondoka, fundi aliiwasha tena kompyuta. Insha haikuwepo. Hata neno moja!

Akampigia simu wifi yake, karani wa zahanati aliyekuwa likizo. Wifi alikuja mbio.

"Nimeiua mashine yako, wifi."

"Mashine ni nzima kabisa. Uliihifadhi insha?"

"Niihifadhi wapi? Mimi nikizima cherehani, gauni linabaki gauni!"

Wifi akacheka mpaka akashika mbavu. "Kaka yangu ameoa kichekesho! Sikiliza. Maneno unayoyaandika ni kama nguo iliyotiwa pini tu. Ukihifadhi, ndipo unapiga mshono. Bonyeza hapa, ipe insha jina. Kisha hifadhi kila umalizapo aya. Na waya usiuguse mpaka uizime kompyuta kwanza, hapa."

"Basi nichapie wewe, wifi yangu mzuri. Muda unakwenda."

"Sichapi ng'o! Insha yote bado imo kichwani mwako. Vidole vinavyotunga uzi kwenye sindano vitashindwa na hivi vitufe? Andika!"

Akaanza upya. Aya moja, akahifadhi. Aya ya pili, akahifadhi. Kidole kimoja kikawa viwili, kisha vinne. Saa kumi kasoro dakika nane, wifi alimwonyesha jinsi ya kuituma insha kwa barua pepe. Akabonyeza mwenyewe.

Jibu likaja: "Insha imepokelewa. Utafanya mtihani."

Alipiga ukelele. Mume akaingia mbio, akasoma jibu mara mbili, akamkumbatia mkewe. Kisha akainamisha kichwa.

"Mimi hata kuiwasha sijui," alisema. "Kazini wanataka sisi madereva tuandike ripoti za gari kwenye kompyuta. Naona aibu kuuliza."

Mkewe akamvutia kiti.

"Kaa hapa, baba watoto. Nitakufundisha kila Jumamosi mpaka uandike mwenyewe. Huyu dada yako atakucheka, simwezi. Lakini mimi, nakuahidi, sitakucheka."