Siku Tatu za Mahindi Safi

Jioni ya kwanza Erot alifunga ghala kama kawaida, akalivuta kufuli mara mbili kuhakikisha, akashika njia ya kwenda nyumbani kwake mtaa wa Bula Pesa, mjini Isiolo, huku akijipangusa vumbi la mahindi. Jua lilikuwa linazama upande wa Kipsing. Mwaka ule wa 1984 mvua ilikuwa imekataa kabisa, na mizoga ya ng'ombe ilijaa kando ya barabara mpaka watu wakaacha kuitazama.

Mlangoni alimkuta mkewe Nakuam ameshika kibuyu, anacheka peke yake.

"Baba Natabo, angalia. Maziwa!"

"Hiyo maziwa imetoka wapi?"

"Kuna mama ameleta. Amesema ni ya mtoto, halafu akaenda."

"Mama gani? Nani ako na ng'ombe saa hii?"

"Sijui. Alikuwa amejifunika shuka mpaka machoni. Sasa wewe unataka kumuuliza Mungu maswali?"

Natabo alikuwa mtoto wao wa pekee, waliyempata baada ya miaka tisa ya kusubiri na kusemwa. Alikuwa na umri wa miaka minne, na njaa ilikuwa imemkausha miguu. Alikunywa mpaka povu likamkaa juu ya mdomo. Erot naye alionja. Yalikuwa matamu, yana ile harufu ya moshi ya kibuyu kilichotunzwa vizuri. Usiku ule alilala kwa furaha ambayo alikuwa ameisahau.

Jioni ya pili kibuyu kilikuja tena. Ya tatu pia. Natabo alianza kukimbia uani. Ikifika saa kumi anakaa kizingitini, hataki kuitwa wala kuchezeshwa, anangoja.

Hapo lazima nikueleze kazi ya Erot, la sivyo hutaelewa kwa nini siku ya nne alirudi nyumbani mbio.

Alikuwa mtunza ghala la mahindi ya msaada, na Isiolo nzima hakuna aliyejua kuua panya kumshinda. Mtu asiyejua kazi huweka sumu siku ya kwanza. Panya mmoja anaonja, anaumwa, na wenzake hawagusi tena. Erot alikuwa na subira. Siku tatu aliwawekea mahindi safi, mahali pale pale, saa ile ile. Panya walikuja, wakala, wakaleta na watoto wao. Siku ya nne aliweka mahindi yaliyochanganywa na ule unga mweusi unaonuka kitunguu saumu. Asubuhi aliwazoa kwa beleshi. Kazi hiyo aliiita kuwazoesha, na aliisimulia kwa maringo.

Miezi miwili kabla ya kile kibuyu, panya walikuwa wakiingia kutoka nje, wakipita chini ya mabati. Basi Erot akaweka mahindi yake safi nje, nyuma ya ukuta. Yakaisha. Siku ya pili akajificha aone ni panya wa aina gani wanaokula upesi hivyo.

Hawakuwa panya.

Alikuwa mjane mmoja wa Kipsing, jina lake Nakaale, na wanawe wawili. Walikuwa wameinama wanaokota punje moja moja, wanazifunga kwenye ncha ya shuka. Siku ya tatu aliwaona tena. Yule mdogo akamwona, akacheka, akampungia mkono.

Angesema neno moja tu: mama, kesho msije. Neno moja! Lakini alikuwa amechoshwa na wanawake wa kufagia punje, maana kila gunia likipungua mkubwa wake alimgombeza yeye. Akajiambia kwamba watu wana macho, wataona mahindi ni meusi. Siku ya nne akaweka sumu, akafunga ghala, akaenda zake kula. Mimi simtetei.

Wale watoto walikufa wote wawili kabla ya siku kupita; mama yao alikuwa amewaachia wao punje zote. Watu walisema ni kuhara, kwa sababu kuhara kulikuwa kunaua wengi wakati ule. Nakaale hakulia mbele ya mtu. Alikuja ghalani, akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini.

"Zile siku tatu... ulikuwa unatuona?"

Erot akageukia magunia, akaanza kuyahesabu. Nakaale akatikisa kichwa taratibu, akaondoka, na mjini hakuonekana tena.

Sasa turudi kwenye maziwa. Siku ya nne, jua likianza kushuka, Erot alikuwa amechuchumaa ghalani akimwaga mahindi yenye dawa kando ya ukuta. Mkono wake ukasimama hewani.

Moja... mbili... tatu...

Leo ni ya nne!

Alikimbia bila kufunga mlango. Alifika Natabo akiwa tayari amekiweka kibuyu mdomoni. Akakipiga kofi kikaruka, maziwa yakamwagika, mtoto akalia kwa uchungu. Erot akapiga magoti, akanusa mchanga.

Kitunguu saumu.

Au ni mikono yake mwenyewe? Alikuwa ametoka kushika dawa. Alinusa tena na tena, asijue.

"Umeshikwa na nini wewe?" Nakuam alipiga kelele.

Akamweleza yote, kwa mara ya kwanza. Nakuam alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwinua mtoto, akarudi nyuma hatua mbili.

"Uliwaona?"

"Mama Natabo..."

"Uliwaona, Erot?"

Tangu waoane hakuwa amewahi kumwita kwa jina.

Mbwa wa jirani aliyalamba yale maziwa yote. Asubuhi alikuwa mzima, anabweka.

Siku hiyo ya tano Erot alimuuliza Umuro, mpakiaji wa magunia ambaye husafiri na malori, kama anamjua Nakaale.

"Yule mama wa Kipsing? Si alikufa," Umuro akasema. "Mwezi imepita. Alikataa kula. Alikaa tu kando ya kaburi ya watoto mpaka akaisha. Mimi nilisaidia kuchimba."

Erot hakurudi kazini. Alikaa ndani ya mlango na rungu, anamnusia mtoto kila kitu: uji, maji, mahindi ya kuchemsha. Giza lilipoanza kuingia alisikia miguu. Ilikuja polepole... ikasimama nje ya mlango. Harufu ya kitunguu saumu ikapenya chini ya mbao.

"Nimeleta ya mtoto." Ilikuwa sauti ya kunong'ona.

"Nakaale... nisamehe. Niue mimi. Huyu hana makosa."

"Na wangu walikuwa na makosa gani?"

Alipofungua hakuona mtu. Kilikuwapo kibuyu, kimejaa. Akamwaga. Siku ya sita akamwaga tena, Natabo akilia na kugeuza uso kila alipopewa uji. Alijua subira ni nini. Alikusudia kukaa pale mlangoni mpaka yule wa nje achoke.

Siku ya saba kibuyu hakikuja.

Jua lilizama. Erot akangoja, akasikiliza, akashusha pumzi, akaliweka rungu chini.

"Amechoka," alimwambia mkewe. "Imeisha, mama. Imeisha."

Nakuam aligeuka kuutazama mkeka.

"Natabo ako wapi?"

Mkeka ulikuwa mtupu, na mlango wa uani ulikuwa wazi. Nyuma ya nyumba, kwenye ua wa miiba, kulikuwa na pengo la kutosha mtoto. Mchanga pale ulikuwa umekanyagwa sana, umejaa matone makavu ya maziwa, ya siku mbili tatu. Kumbe wakati yeye analinda mlango wa mbele, mtoto alikuwa akilishwa nyuma.

Akatoka mbio. Kulikuwa bado na mwanga kidogo. Aliwaona mbele, wanatembea bila haraka: mwanamke aliyejifunika shuka, watoto wawili, na katikati yao Natabo, amekumbatia kibuyu.

"Natabo!"

Wote wanne wakasimama.

Natabo akageuka. Erot akapiga magoti, akafungua mikono. Mtoto akamtazama kwa hofu, akauficha uso wake kwenye shuka ya yule mwanamke.

"Haikuwa na sumu," mwanamke akasema. "Hata siku moja."

Wakaendelea na safari yao. Erot alikimbia mpaka akaanguka. Nakuam alipofika na taa, waliona nyayo ndogo za mtu mmoja tu. Zilikwenda hatua kama arobaini, zikaishia hapo, kwenye mchanga mtupu.

Watu walitafuta mpaka Kipsing. Wengine walisema ni fisi, lakini tone la damu halikuonekana. Nakuam alirudi kwa ndugu zake, hataki kulisikia jina la mumewe. Nakaale angalau alipata makaburi mawili ya kukaa karibu nayo, na Erot hana hata moja. Nasema alistahili, ingawa nikimpita jioni nageuza macho. Lile pengo kwenye ua hajaliziba, na jirani akijitolea kulitengeneza anamfukuza kwa matusi. Anauliza, mtoto akirudi atapita wapi?