Siku Tisa Alizonificha Bethwel

"Chero, usiniguse. Tafadhali. Wacha nitembee tu."

"Rudi ndani, Bethwel. Wazee wanakuuliza."

"Siwezi."

"Huwezi aje? Hii ni koito yako!"

Alikuwa nyuma ya stoo ya Baba, nyumbani kwetu Lanet, akitembea hatua nne kwenda na nne kurudi kati ya ukuta na tangi la maji. Kiganja kilikuwa kimekandamiza jicho la kushoto. Koti la suti niliyomchagulia mwenyewe lilikuwa chini kwenye mavi ya kuku. Jicho hilo la kushoto lilikuwa jekundu na machozi yalikuwa yakimtiririka, pua nayo ikichuruzika upande huohuo. La kulia lilikuwa kavu.

Nikaangalia saa kwenye simu. Saa nane na dakika thelathini na sita, mchana kweupe. Ndani kulikuwa na watu kumi na tisa waliokuja kwa koito, kunichumbia rasmi, na mwenye kuchumbia alikuwa amesingizia simu ya kazi akatoroka.

"Ni yale maumivu?" nikamuuliza polepole.

"Ni ya leo tu. Itapita."

Wacha niwaeleze, maana mkisikia kichwa kinauma mtadhani ni cha kumeza dawa mbili na kulala. Hiki daktari alikiita cluster. Huja kwa msimu, kila siku saa ileile, nyuma ya jicho moja. Bethwel ni fundi wa mitambo kule Olkaria, mtu anayeshinda karibu na mvuke unaonguruma bila kukunja uso. Lakini kikimshika nimemwona akigonga paji la uso ukutani kama anabisha hodi. Daktari Wangeci alimwanzishia vitamini D ya dozi kubwa, mafuta ya samaki na magnesiamu, akawa anampima damu mara kwa mara, na akampa mtungi wa oksijeni wa kuvuta kikimshika. Tukakaa miezi minane bila shambulio hata moja. Miezi minane! Ndiyo maana nilikubali aje kwetu.

Niliinama kuokota koti. Simu yake ikatetemeka mfukoni, nikaona ujumbe kabla sijaamua kama nitasoma.

"Bethwel, leo ni siku ya tisa. Umemwambia Cherono? Tafadhali usiende huko bila mtungi wa oksijeni. Dkt. Wangeci."

Nilisoma mara mbili. Damu ikanipanda kichwani.

"Siku ya tisa?"

Akasimama.

"Siku ya tisa, Bethwel! Jumatano nilikupigia saa nane na nusu ukaniambia uko kwa mkutano. Alhamisi pia mkutano. Hiyo kampuni yenu hufanya kazi saa ngapi?"

"Ningekuambia."

"Lini? Baada ya harusi? Na mtungi uko wapi?"

"Section 58. Kwa nyumba. Ningebeba aje mtungi kwa koito, Chero? Wazee wangeuliza ni ya nini."

"Si ungewaambia!"

"Ulisikia mzee Kipketer aliuliza nini?"

Nilisikia. Sote tulisikia. Mzee Kipketer ni kaka mkubwa wa Baba, ndiye msemaji wetu. Wageni walitarajiwa saa nne wakaingia saa saba, na kabla ya jambo lolote alimgeukia baba mdogo wa Bethwel akauliza swali ambalo koito zote huuliza: "Bamwai, mkwe mwenzangu, kwenu kuna ugonjwa wa kichwa? Kifafa, wazimu, kitu kama hicho?" Baba mdogo wake akajibu kwa kifua: "Hakuna, na hakujawahi kuwa." Masikini hakujua. Bethwel aliangalia viatu vyake, na mimi, nikidhani mambo hayo yamekwisha, nikanyamaza nikipanga vikombe.

Sasa nifanye nini? Nikisema ni ugonjwa, mzee wa watu ni mwongo mbele ya ukoo wangu. Nikinyamaza, wataona jicho jekundu na kamasi, na nyumbani kwetu jicho jekundu lina maana moja tu. Na mwanamume mwenyewe alikuwa ameniuzia miezi minane huku siku tisa ameziweka mfukoni.

"Niliwaambia!"

Ilikuwa sauti ya dada yangu Jepkemei, amesimama kwenye kona na sufuria mkononi. Jepkemei aliolewa na mlevi, akavumilia miaka sita, akarudi nyumbani na mkono uliovunjika.

"Jepkemei, si hivyo."

"Si hivyo gani? Macho ninayaona. Anayumba! Mtu analewa siku ya koito yake, akikuoa atafanya nini?"

"Hajalewa, haki ya Mungu."

"Hata mimi nilikuwa naapa hivyo. Baba atajua sasa hivi."

Akageuka, akaenda. Nikamsukuma Bethwel ndani ya stoo, nikaingia naye, nikafunga mlango kwa komeo la ndani. Akili gani hiyo, hata leo sijui. Humo mna magunia ya mahindi na nafasi ya hatua mbili tu, na mtu wa maumivu yale akikosa pa kutembea huwa kama mnyama aliyefungiwa. Alizunguka, akagonga bega, akazunguka tena. Akaanza kujipiga kichwa kwa ngumi.

"Fungua, Chero. Fungua nitoke."

"Utoke uende wapi? Baba anakuja."

"Basi niue tu."

"Usiseme hivyo!"

Nilipiga namba ya daktari, nikaweka spika.

"Daktari, ni Cherono. Ameshikwa. Hatuna mtungi."

"Ameanza saa ngapi?"

"Saa nane na nusu. Kama saa imemwita."

"Mwache atembee, usimlazimishe kulala. Ikipita saa moja, mlete. Bethwel, unanisikia? Nijibu ukweli sasa. Umekuwa ukimeza vidonge kila siku?"

Nikasikia anavyohema.

"Bethwel!"

"Si kila siku."

"Unaruka siku ngapi?"

"Tatu. Nne. Siku za mursik."

Nikadhani maumivu yamemchanganya akili. Daktari naye aliuliza, "Siku za nini?"

"Mamake Chero hunitumia kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuganda, kila Ijumaa. Kikubwa. Wewe uliniambia na hii dozi nipunguze maziwa. Sasa mtu atakataa aje mursik ya mama mkwe? Hiyo ni kukataa msichana! Nikaona siku nikikunywa, niache vidonge, ndio visikutane."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili."

Daktari Wangeci alivuta pumzi ndefu. "Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu. Kuna watu humeza vizuri na bado yanawarudia. Lakini ungeniuliza. Au ungemwambia mama wa watu hunywi."

"Daktari, wewe si Mkalenjin," alisema Bethwel huku akilia.

Ningecheka kama singekuwa nalia pia. Mwanamume mzima, fundi, amehesabu vidonge na vikombe peke yake gizani wiki nane, kwa sababu ya adabu! Nilimpenda na nikatamani kumchapa, vyote kwa wakati mmoja. Mamangu naye kila Ijumaa alikuwa akiosha kibuyu kwa mkaa na kuimba, akijua anamlisha mwanawe mpya.

Mlango ukagongwa mara tatu.

"Fungua."

Baba, mzee Hezekiah, alistaafu jeshini akiwa sajini. Sauti yake haijui kubembeleza. Nikafungua. Hakuniangalia. Alimshika Bethwel kidevu, akainua uso wake, akanusa mdomo wake kama anayekagua kuruta aliyetoka likizo.

"Pumua," akamwambia. Bethwel akapumua. Baba akanusa tena.

"Hakuna pombe hapa," akamwambia Jepkemei aliyekuwa nyuma yake. Kisha akaniuliza mimi: "Ni nini?"

Bethwel alinitazama kwa lile jicho zima. Lilikuwa linaniomba ninyamaze. Nami nilikuwa nimechoka kuombwa.

"Ni ugonjwa, Baba. Anao miaka sita. Tuliwaficha."

Baba akamwachia kidevu. "Unaisha lini?"

"Huu wa leo, labda dakika kumi, labda ishirini. Wenyewe haujulikani."

Nilitegemea amfukuze. Badala yake alitoa magunia mawili nje, akasogeza la tatu kando kwa goti lake bovu ili Bethwel apate nafasi ya kutembea, akasimama mlangoni akiangalia saa ya mkononi. Tulikaa hivyo. Sijawahi kuona dakika zinazokokota miguu kama zile. Unampenda mtu, anaungua mbele yako, na mikono yako ni pambo tu.

Saa tisa na dakika kumi na tano maumivu yakaondoka kama yalivyokuja. Bethwel aliketi kwenye gunia, jasho chapachapa, akapangusa pua kwa tai.

"Nawa uso," Baba akasema. "Halafu ingia ndani useme kwa mdomo wako. Sitakusemea, na huyu msichana hatakusemea."

Tukaingia sebuleni. Bethwel alisimama katikati.

"Wazee wangu. Mzee Kipketer aliuliza kama kwetu kuna ugonjwa wa kichwa. Baba mdogo alisema hakuna kwa sababu sijawahi kumwambia. Uko. Uko kwangu. Si kifafa wala si wazimu, lakini ukinishika siwezi kukaa mbele ya watu. Dawa ilisaidia miezi minane. Sasa umerudi, na leo ni siku ya tisa. Hata Cherono sikumwambia."

Baba mdogo wake akainamisha kichwa. Mzee Kipketer akaweka fimbo sakafuni.

"Kwa hivyo mlitukalisha hapa mtudanganye."

"Mimi ndiye nilidanganya, mzee. Wao hawakujua."

"Na huo ugonjwa umerudi kwa nini?"

Akamtazama Mama aliyekuwa mlango wa jikoni, na nikajua hawezi kusema. Angekufa kwanza. Ikabidi nivunje amri ya Baba.

"Alikuwa anaacha dawa siku ambazo anakunywa mursik yako, Mama. Daktari alimwambia apunguze maziwa. Aliogopa kukukatalia."

Mama alishika kifua. "Ni maziwa yangu?"

"Hapana, Mama," Bethwel akadakia. "Ni woga wangu. Ningefungua mdomo tu."

"Miezi miwili ninakutumia sumu na wewe unanipigia kusema asante, Mama, ilikuwa tamu!"

"Ilikuwa tamu, Mama."

"Mjinga wewe!" Mama alisema na machozi yakamtoka. "Si ungesema? Ningekutumia kuku!"

Mzee mmoja wa upande wao alicheka, akajifanya anakohoa. Lakini mzee Kipketer hakucheka.

"Mimi nasema hivi. Wageni wetu wapewe chakula, warudi kwao. Tukutane tena akishapona."

"Haponi, mzee," nikasema. "Hiyo siku haipo. Ugonjwa unalala, halafu unaamka."

"Basi unataka kuingia kwa nyumba ambayo haina mlango wa kutoka?"

Sikutaka kulisikia swali hilo. Kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimeiona stoo ile, hatua mbili kwenda na mbili kurudi.

Baba akasimama. "Kuna swali moja halijaulizwa leo. Tulikuwa tumeliacha la mwisho. Cherono, simama hapa. Unamjua huyu mtu?"

Kila msichana wa kwetu huulizwa hivyo siku ya koito, na jibu ni fupi: namjua. Tena husemwa ukiwa umeinamisha macho. Mimi niliyainua.

"Asubuhi mngeniuliza ningesema namjua, na ningekuwa mwongo kama yeye. Sikumjua. Nilimjua kijana aliyepona. Huyu aliyetoka stoo, mwenye siku tisa, mwoga hata wa kibuyu, huyu nimemjua leo saa nane na nusu." Nikamgeukia. "Nimekukasirikia, Bethwel. Kesho bado nitakuwa na hasira. Ukinificha tena siku moja, si tisa, siku moja tu, nitarudi hapa kwa baba yangu na hutaniona. Lakini Baba ameuliza. Ndiyo, namjua."

Jepkemei ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Sikumtegemea. Mzee Kipketer aliokota fimbo yake taratibu, akamwambia baba mdogo wa Bethwel asogeze kiti karibu, maana mazungumzo bado ni marefu.

Kesho yake, Jumapili, nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja Section 58. Nilifika saa nane na dakika ishirini. Bethwel alikuwa amemeza vidonge, mtungi uko karibu na kochi, barakoa mkononi. Tulingoja kama watu wanaomngoja mgeni wasiyempenda.

"Labda leo shambulio halitakuja," akasema.

"Labda."

Lilikuja. Alivaa barakoa, akaingia chumbani, akarudisha mlango kwa sababu hataki kuguswa wala kutazamwa. Niliketi sakafuni upande wa nje na viatu vyangu vya kanisani. Nilisikia hewa ikipuliza, nikasikia miguu yake, nne kwenda, nne kurudi. Nikaweka mgongo ukutani. Sikuwa na kazi nyingine duniani ila kukaa hapo.

Siku zote nilipouliza kwa simu unaendeleaje, alijibu "niko sawa." Miaka miwili ya niko sawa. Nikaogopa kuuliza, nikauliza hata hivyo.

"Bethwel. Uko aje?"

Miguu ikasimama. Alitoa barakoa, nikasikia sauti yake nyuma ya mbao, imekatika katikati.

"Ni mbaya, Chero. Leo ni mbaya sana. Ninaogopa."

Mungu anisamehe, nilifurahi.