Kiapo cha Mfano kwa Sidi Bunar

Adhuhuri ile Zulikha aliandaa kuskusi, akaweka vijiko viwili.

"Na changu, Mama?" Warda aliuliza. Mama yake hakugeuka.

Si Laarbi, karani mkuu wa mahakama ya kadhi mjini Tilimsani, alidhani ni utani. "Mpe mtoto kijiko, binti wa watu."

"Mtoto yupi?" Zulikha akamtazama kwa huruma. "Hicho kitabu cha sheria unachowaandikia Wafaransa kitakutia wazimu. Mungu hakutujalia mtoto, Laarbi."

Chumba kikaanza kunuka sufu iliyoloa. Kufikia alasiri sauti ya Warda ilikuwa imefifia, ikitoka kama nyuma ya ukuta, na mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Si Laarbi alimlaza, akakimbilia kwa Lalla Mbarka, mpunga majini.

"Uliapa wapi?" bibi alinong'ona, akinusa kanzu ya Si Laarbi.

"Kule mlimani, kwenye kaburi la walii Sidi Bunar. Mdai na mdaiwa huapa wameshika mnyororo wa kaburi, kila mmoja ncha yake. Wafaransa walitaka niieleze desturi hiyo kitabuni, nikaona heri niijaribu mwenyewe. Nikaapa sina mtoto. Mfano tu, Lalla!"

"Msomi mzima! Kiapo cha pale ndiyo hukumu, hakina rufaa. Mdai wako alikuwa nani?"

"Sikuwa na mtu."

"Alikuwapo. Alishika ncha ya pili. Mchezea tope humrukia, mwanangu. Kaape upya kabla jua halijazama."

Alipanda mlima akihema, akaingia chumba cha kaburi, akaushika mnyororo, nao ukavutwa kutoka upande wa pili ambako hapakuwa na mtu, ukavutwa taratibu mpaka viganja vikachubuka, na pumzi baridi zikamjia usoni, naye, aliyezoea kuwakemea mashahidi wababaikao, akapayuka kwa hofu, "Naapa, nyumbani mwangu mna mtoto!"

Mnyororo ukalegea.

Zulikha alimpokea mlangoni akilia kwa furaha. "Nilipatwa na nini, mume wangu? Nilimsahau mtoto wetu!"

Mtoto alikuwa mkekani, amewapa mgongo, akila kwa viganja. Akageuka. Hakuwa Warda. Alikuwa na meno ya mtu mzima, na alitabasamu.

Si Laarbi akakumbuka kiapo chake. Kule kaburini hakutaja jina la Warda.

"Funga mlango," Zulikha akasema, "mtoto asipate baridi."

Ukutani, kwa mbali sana, Warda akauliza, "Baba, mbona amevaa gauni langu?"